Jibu kwa Dada wa Nachingwea: Tunavyopanga Mwaka wa Kuwahudumia Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Nachingwea anayetaka kuanzisha chama cha kuwasaidia watu wenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo na mwendo unaotokana na ubongo kudhurika utotoni, naye ameniuliza sisi wa Mtwara tunapangaje kazi zetu za mwaka. Ninamjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake mwenye nia hiyo.

Dada yangu, ninakujibu kama mama. Mwanangu wa kwanza alizaliwa bila kulia, akashikwa na degedege siku ile ile, na miezi ilipopita shingo yake isikaze, ndugu wa karibu walisema kuna jambo nililolificha. Baba yake aliwasikiliza, akaenda zake. Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa kuwa yalisemwa na watu ambao wangeweza kuuliza hospitali wakajibiwa. Ubongo wa mtoto unaweza kudhurika tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo: kwa kukosa hewa, kuzaliwa njiti, manjano makali yasiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyofika ubongoni. Hakuna laana hapo. Dhara lenyewe la ubongo haliongezeki, ila misuli iliyokakamaa huzidi kuvuta viungo kadiri mtoto anavyokua, na kwa hiyo msaada wa siku moja kwa mwaka haumfai.

Chama chetu kilianzia kwenye benchi la kusubiri mazoezi ya viungo, hospitali ya Ligula, tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akihangaika kivyake. Tarehe 6 Oktoba ni Siku ya Mtindio wa Ubongo Duniani, na wengi wanaoanza huweka nguvu zao zote hapo. Huku kwetu, Oktoba ni korosho. Mama yuko shambani tangu alfajiri, na ukiitisha mkutano watakuja viongozi na wapiga picha. Kwa hiyo mafunzo makubwa tunayafanya katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno ya chakula na kabla korosho hazijaanza kudondoka, wakati barabara za Tandahimba na Newala zinapitika bila shida. Msimu wa korosho ukifika, tunamfuata bibi nyumbani, kwa sababu ndiye anayebaki na mtoto.

Kwa bibi ndipo penye kazi yenyewe. Tunaanza na chakula. Mtoto akilishwa amelala chali, uji huweza kuingia kwenye njia ya hewa ukamletea nimonia, na watoto wengi wanaopatwa na vifua visivyoisha wanalishwa hivyo. Tunamwonyesha namna ya kumkalisha wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, uji ukiwa mzito, kijiko kikiwa kidogo, na asiharakishwe. Kisha tunamfundisha kumgeuza na kumnyoosha anapomwogesha na kumvisha, ili mazoezi yafanyike kila siku bila kungoja nauli ya kwenda mjini. Mwenye kifafa asikatishwe dawa ghafla, hata akikaa muda mrefu bila kuanguka. Ukimwelewesha bibi mmoja vizuri, majirani wenye watoto kama huyo watamfuata wenyewe.

Usiruhusu vifaa vitangulie vipimo. Mfadhili mmoja alituletea viti mwendo vyote vya saizi ya watu wazima, akapiga picha, akaondoka, na watoto wakabaki wamepinda mbavu ndani yake. Iliniudhi sana. Tulimwita fundi seremala wa mtaani, akampima kila mtoto na kumtengenezea kiti cha mbao chenye pembe ya kuegemea, meza mbele na mkanda kiunoni. Najivunia viti vile kuliko kitu chochote tulichopewa, maana watoto waliokuwa wakishinda mkekani sasa wanakula wamekaa, wakiwatazama wenzao.

Michango tunaiomba wakulima wanapolipwa baada ya minada, wala si masika, chakula kikiwa haba. Nasi hatuombi kwa unyonge. Enyi akina baba, mtoto huyu ni wenu pia. Fedha za korosho zikiingia, mkumbukeni kabla ya bati na pikipiki. Na ninyi masheikh na mapadri, semeni waziwazi misikitini na makanisani kwamba mama hakufanya kosa, kwa sababu mkinyamaza, wasemaji wa laana ndio wanaosikika.

Kwako, dada: nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako ukaulize utaratibu wa mikopo isiyo na riba, kwa kuwa asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu, na vijana wetu waliokua wanastahili kufikiwa nayo. Kabla ya hapo, pita nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, mwandike watoto, umri wao, anayewalisha na wanavyokaa wakati wa kula. Ukiwa na daftari hilo, niandikie tena, nami nitakuja na fundi wetu.