Kabla ya Kuandika "Haing'ai", Toa Kifuniko

Jana kijana wetu mpya alimulika wilemaiti, madini yanayong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno (ultraviolet), kwa wimbi fupi la taa hiyo, akaandika kwenye kadi "haing'ai", akaisogeza kando. Kifuniko cha kisanduku hakukigusa. Nikatoka nje kwanza, maana sina uso wa kumfokea mtu kwa kosa nililolifanya mara 62.

1. Toa kifuniko. Kioo cha kawaida na plastiki ngumu ya visanduku huzuia mionzi ya nanometa 254, yaani wimbi fupi. Ile ya 365, yaani wimbi refu, hupenya, na hapo ndipo mtego ulipo.

Nilipoanza nilikabidhiwa kabati la droo zenye vifuniko vya kioo. Mzee aliyenipa kazi alinionya kuhusu vumbi, nami kwa utiifu wangu sikufungua hata kimoja. Siku tatu gizani. Kwa wimbi refu yakuti nyekundu ziliwaka kama makaa, nikasema taa ni nzima. Kwa wimbi fupi, kimya. Kalsaiti (madini ya chokaa) ya Franklin, New Jersey, ambayo metali ya manganizi huifanya iwake nyekundu ya moto kando ya kijani cha wilemaiti, imelala kama kokoto. Nikaandika "haing'ai". Kwa wino! Nikatunga na nadharia kabisa: chuma kimeua mng'ao. Chuma huua mng'ao kweli, ndiyo maana nilijiamini kiasi kile. Linaloniuma hadi leo ni kwamba siku zote hizo nilikuwa nimevaa miwani ya kioo ili mionzi hiyohiyo isinifike machoni. Mzee alikuja, akainua kifuniko kimoja, akamulika. Hakusema neno. Alinipa kifutio cha penseli, kisha akaona ule wino, akacheka mpaka akatafuta kiti.

2. Miwani vaeni, lakini. Macho yaliyoungua kwa wimbi fupi hayaumi papo hapo. Yanasubiri saa kadhaa, umeshalala, ndipo unahisi umetiwa mchanga.

3. Zambarau iliyofifia si mng'ao. Ni mwanga wa taa yenyewe unaovuja kwenye kichujio cha mbele yake na kuakisiwa na jiwe. Wekeni pembeni jiwe mnalojua haling'ai, mlinganishe. Na vichujio vya wimbi fupi huzeeka, msiilaumu sampuli.

4. Vidoa vya buluu-nyeupe: nyuzi za nguo au gundi. Kuna mwenzetu aliwahi kuniita kwa shangwe kunionyesha "madini yasiyojulikana" kwenye ufa wa jiwe. Nililitambua mara moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyeligundisha lilipovunjika. Na shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha liacheni mlangoni, linamulika meza nzima.

5. Mwanga unaobaki baada ya kuzima taa: fumba macho taa ikiwa inawaka, zima, kisha fumbua. Ukikodoa macho tangu mwanzo hutaona kitu. Kalsaiti ya Terlingua, Texas, hubaki na buluu yake, nzuri kwa kujipima. Andikeni sekunde. "Kidogo" si kipimo, na kadi zenye neno hilo nitazirudisha.

Niliporudi ndani nilimwinulia kijana kifuniko, naye akaruka kwa kile kijani. Akauliza nimejuaje upesi hivyo. Nikamfungulia droo ya kadi zangu za zamani, zile zenye wino uliokatwa mistari miwili.