Maswali ya Wasomaji: China na India, nani kamwacha nani na kwa nini

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: majirani wawili wenye watu zaidi ya bilioni 1.4 kila mmoja, waliopigana vita mwaka 1962 na ambao mpaka leo hawajakubaliana mpaka wao upite wapi, imekuwaje mmoja amwache mwenzake mbali hivyo kiuchumi? Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, kijiweni kwetu tumebishana hadi tukanuniana. Mmoja anasema Mchina ana kipato mara tano ya Mhindi, mwingine anasema ni kama mara mbili na nusu tu, na wote wanadai wametoa takwimu Benki ya Dunia. Nani mkweli? – Msomaji, Morogoro

Wote wakweli, ila wamepima kwa vibaba tofauti. Wa mara tano amechukua pato la taifa, akaligeuza dola kwa bei ya benki, kisha akaligawa kwa idadi ya watu. Kwa mwaka 2023 China inapata kati ya dola 12,500 na 13,000 kwa kila mtu, India karibu 2,500. Wa mara mbili na nusu ametumia uwiano wa uwezo wa kununua, yaani dola ya kufikirika iliyorekebishwa kwa bei za ndani ya kila nchi. Hapo China inapita kidogo 24,000 na India inakaribia 10,000.

Kinyozi wa Chennai, India, na kinyozi wa Shenzhen, China, wanatumia mashine ileile na dakika zilezile. Wa Chennai anaambulia senti chache akibadilisha rupia zake kuwa dola, lakini kichwa kimenyolewa. Kipimo cha kwanza kinahesabu zile senti, cha pili kinahesabu kichwa. Kwa hiyo mkibishana juu ya maisha ya mtu wa kawaida, shikeni cha pili. Mkibishana juu ya nguvu ya nchi kununua mafuta ya Ghuba au kulipa deni la nje, shikeni cha kwanza, maana muuza mafuta halipwi kwa vichwa vilivyonyolewa.

Kuna kosa jingine tunaloliona kila mara. Mtu anakuta China ilikuwa na dola kama 2,700 kwa kila mtu mwaka 2007, basi anatangaza kwamba India imechelewa miaka 16. Amesahau kwamba dola nayo hushuka thamani: kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 2007 kilihitaji karibu dola moja na nusu mwaka 2023. Ukirekebisha hilo, India ya 2023 inaangukia China ya 2004 au 2005.

Nimesoma kwamba mwaka 1990 India ilikuwa mbele ya China. Ni kweli? Na kama ni kweli, ilikwama wapi? – Mwalimu wa sekondari, Kisumu

Kwa dola za wakati ule, ndiyo: India karibu 370 kwa kila mtu, China karibu 320. Ila, Mwalimu, usiwape wanafunzi takwimu hiyo peke yake. Kati ya 1980 na 1990 China ilishusha thamani ya sarafu yake kutoka yuan 1.5 hivi kwa dola hadi karibu 4.8, hivyo pato lake likasinyaa kwenye karatasi huku mashambani na viwandani likipanda. Tazama mambo ambayo bei ya sarafu haiyagusi. Mwaka 1990 Mchina alitarajiwa kuishi miaka karibu 69, Mhindi 59. Sensa ya China ya mwaka huo ilikuta karibu watu wanane katika kumi wanajua kusoma. Ya India ya 1991 ilikuta asilimia 52, na kwa wanawake 39 tu. Mwenye kiwanda anayetafuta wasichana wa kusoma karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani alikuwa na wa kuchagua China. Kule India alipata wawili tu katika watano.

Wengi huchukua mageuzi ya kiongozi wa China Deng Xiaoping ya 1978 na yale ya waziri wa fedha wa India Manmohan Singh ya 1991, wanatoa, wanapata 13, wanafunga daftari. Hesabu hiyo haielezi kitu kimoja: eneo la kwanza barani Asia la viwanda vya kuuza nje lilifunguliwa India, pale Kandla, mwaka 1965. Shenzhen ilikuja 1980. Miaka 15 ya kutangulia, na Kandla haikuwa Shenzhen.

Chukua shati. Mwaka 1967 India ilianzisha orodha ya bidhaa ambazo viwanda vidogo pekee ndivyo viliruhusiwa kutengeneza. Ilianza na bidhaa 47, ikavuka 800, na nguo za kushonwa zilikuwemo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nia ilikuwa njema, kumlinda fundi mdogo asimezwe. Juu ya hapo sheria ya kazi ilidai kiwanda chenye wafanyakazi 100 au zaidi kiombe kibali cha serikali kabla ya kupunguza watu, na kibali chenyewe kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Mfanyabiashara mwenye akili anafanya nini? Anaajiri 90. Akitaka kupanuka anafungua banda jingine kwa jina la shemeji.

Sasa tuseme mnunuzi wa Ulaya anataka mashati 200,000 ndani ya wiki nane. Mwenye mabanda matatu ana meza tatu za kukatia, jenereta tatu, na kitambaa kilichotiwa rangi kwa mikupuo mitatu. Bluu ya banda la kwanza haifanani na bluu ya banda la tatu, mkaguzi anayapanga mashati mawili mawili chini ya taa, mzigo unakataliwa. Mwenzake wa mkoa wa Guangdong, China, ana paa moja, cherehani elfu mbili, mkupuo mmoja wa rangi na bweni la wafanyakazi uani. Oda ya pili inakwenda kwake, na ya tatu.

Bidhaa 20 za mwisho zilitolewa kwenye orodha mwaka 2015, na mwaka 2020 bunge la India likapitisha sheria ya kupandisha kile kikomo cha 100 hadi 300. Dawa imekuja mgonjwa kashahama. Nguo zilipoanza kuikimbia China kwa sababu ya mishahara, nyingi zilikwenda Bangladesh na Vietnam. India ilichokuza ni programu za kompyuta na huduma, kazi nzuri zenye mishahara mizuri, lakini zinadai shahada. Kijana aliyeishia darasa la nane hana mlango pale, anabaki shambani. Hadi leo zaidi ya wafanyakazi wanne katika kumi wa India wako kwenye kilimo. China ni wawili na kitu.

Si basi ni kwa sababu China haina uchaguzi, mkubwa akisema imekwisha? – Msomaji, Bujumbura

Chama kilekile cha Kikomunisti kilikuwa madarakani China 1959 hadi 1961, mkubwa akasema, na njaa ikaua makumi ya mamilioni. India huru haijawahi kuona njaa ya ukubwa huo. Na mageuzi ya 1991 yalifanywa India na serikali ya waziri mkuu Narasimha Rao, ambayo haikuwa hata na wingi wa viti bungeni, wakati akiba ya fedha za kigeni ilitosha kuagiza bidhaa za wiki chache tu na dhahabu ya nchi imewekwa rehani nje. Aina ya utawala inaeleza mambo mengi, ila pengo hili inalieleza vibaya.

Naandika tasnifu kuhusu nchi hizi mbili. Msimamizi wangu anasema takwimu za China zimepikwa. Nifanyeje? – Mwanafunzi wa chuo, Lubumbashi

Msimamizi ana hoja, lakini mwulize na za India. Mwezi Januari 2017 gavana wa mkoa wa Liaoning, China, alikiri hadharani kwamba takwimu za mapato za mkoa wake zilitiwa chumvi tangu 2011 hadi 2014. Mkoa huohuo ndio Li Keqiang aliwahi kuuongoza kabla ya kuwa waziri mkuu, na mwaka 2007 alimwambia balozi wa Marekani kwamba yeye hutazama vitu vitatu: umeme uliotumika, mizigo iliyopita relini, na mikopo iliyotolewa na benki.

Ugonjwa wa India ni mwingine: kuchelewa na kukisia. Sensa ya 2021 iliahirishwa, kwa hiyo sampuli nyingi bado zimesimama juu ya ile ya 2011. Matokeo ya utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017 na 2018 yalizuiwa yasitolewe. Na pato la biashara ndogo zisizosajiliwa kwa miaka mingi lilikisiwa kwa sehemu kubwa kwa kufuata mwenendo wa kampuni kubwa. Mwaka 2016 serikali ilipobatilisha usiku mmoja noti zenye thamani ya asilimia 86 ya fedha zote taslimu, muuza mboga alianguka, kampuni zenye akaunti benki zikayumba tu, na makisio yakawachukulia wote kana kwamba wameyumba sawasawa.

Fanya hivi. Kwanza, weka kando ya pato la taifa kitu kinachopimwa kwa uzito: mwaka 2023 China iliyeyusha zaidi ya tani bilioni moja za chuma, India kama milioni 140. Ukuaji unaotangazwa ukiachana na chuma, umeme na mizigo ya reli kwa miaka miwili mfululizo, uliza kwa nini, ukikumbuka kwamba nchi inayohamia kwenye huduma hutumia chuma kidogo bila kudanganya mtu. Pili, kwa biashara tumia kioo: mauzo ya China kwenda India kama China ilivyoyaandika, dhidi ya manunuzi ya India kutoka China kama India ilivyoyaandika. Tofauti ya asilimia 5 hadi 10 isikutishe, maana muuzaji huandika bei bila nauli na bima, mnunuzi huandika pamoja navyo. Mzigo uliopitia Hong Kong nao huvuruga. Ikizidi sana hapo, ndipo uanze kuchimba.

Vidonge vingi ninavyouza vimeandikwa kuwa vimetengenezwa India. India na China wakigombana tena, bei itanifikia? – Mfamasia, Mombasa

Itakufikia, kwa sababu boksi ni la India lakini unga mara nyingi ni wa China. Katika viambato vya dawa ambavyo India huagiza nje, karibu asilimia 70 hutoka China. Amoksilini ni mfano mzuri: msingi wake ni penisilini G, ambayo hupatikana kwa kuchachusha kuvu kwenye matangi makubwa yanayokula umeme usiku na mchana. India iliwahi kuwa na matangi hayo, ikayazima bei ya China iliposhuka. Tangu 2020 serikali yake inatoa ruzuku kuyawasha upya.

Angalia kilichotokea baada ya mapigano ya mpakani kwenye bonde la Galwan, Juni 2020, yaliyoua askari 20 wa India. India ilifungia programu 59 za simu za Kichina, TikTok ikiwemo, na kuzidi kuwabana wawekezaji wa China. Unga wa dawa haukuguswa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 bidhaa za China zilizoingia India zilivuka dola bilioni 100, za India zilizokwenda China hazikufika 17. Kwako wewe la kufuatilia ni bei ya viambato. Makelele ya mpakani yaweke kando.

Huku tunasikia China imekwama na India ndiyo inakimbia. Itaifikia lini? – Msomaji wa Zanzibar aliyeko Muscat

Tuseme pato la kila Mhindi linakua asilimia 6 kwa mwaka na la Mchina 4. Pengo la mara tano litazibwa kwa miaka 84 hivi. China ikizorota hadi asilimia 2, ni miaka 42.

Kuzorota kwenyewe kupo. Mageuzi ya kodi ya 1994 yalipeleka sehemu kubwa ya mapato Beijing na kuziachia serikali za mitaa kazi zilezile, nazo zikageukia kuuza haki ya kutumia ardhi. Wajenzi walinunua viwanja kwa mkopo, wakauza nyumba zikiwa bado mashimo ya msingi, na kwa fedha ya mnunuzi wa leo wakamalizia nyumba ya mnunuzi wa juzi. Agosti 2020 serikali iliweka mistari mitatu ya madeni ambayo wajenzi hawakupaswa kuivuka, ukiwemo ule wa kuwa na fedha taslimu zisizopungua madeni ya muda mfupi. Evergrande, kampuni ya ujenzi wa nyumba yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ilishindwa kulipa mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Watu wengi walibaki wanalipia mkopo wa nyumba isiyo na paa.

Upande wa India, usikodolee macho asilimia za ukuaji. Tazama Sriperumbudur, nje kidogo ya Chennai, ambako kampuni ya Foxconn ya Taiwan inaunganisha simu za iPhone na wengi mezani ni wasichana kutoka vijijini. Mwaka 2024 lilifunguliwa bweni lao lenye nafasi zaidi ya 18,000. Ukisikia mabweni ya namna hiyo yameanza kujengwa Bihar na Uttar Pradesh, mikoa yenye watu wengi na kazi chache, rudi kwenye hesabu ya hapo juu ubadilishe ile 6.