Nilijibu "sawa nakuja", kumbe ni polisi

Wiki hii nimechagua barua tatu, zote za wanaume, zote mambo yale yale, mtu kanunua au alitaka kununua ngono na sasa hivi usingizi haupati. Sitahubiri, wa kuwahubiria mnao tele. Majina nimeyatoa.

Shikamoo mama wakili. Niko Houston mwaka wa nne sasa, nina grin kadi, kile kibali cha kuishi Marekani. Mwezi uliopita niliona tangazo la dada mmoja mtandaoni tukachati, akasema dola 120 nusu saa, nikajibu sawa nakuja. Nafika hotelini hata kukaa sijakaa wakatoka wanaume wawili bafuni na pingu. Sijamgusa mtu mama, na hela ilikuwa bado mfukoni! Na nilimuuliza kabisa kwenye meseji kama yeye ni polisi akasema hapana. Si wamenitega hawa? Simu wanayo wao, nimetoka kwa dhamana, Desemba nina tiketi ya kwenda Dar.

Marahaba mwanangu. Tiketi hiyo iweke pembeni kwanza, nitairudia.

Texas, jimbo lako hilo, toka tarehe 1 Septemba 2021 kununua ngono ni kosa kubwa la jinai hata kama ndo mara yako ya kwanza, lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo, na adhabu yake ni siku 180 mpaka miaka 2 ndani na faini inaweza kufika dola 10,000. Na sheria haisubiri umguse mtu. Ukiahidi kulipa, au ukikubali bei uliyotajiwa, imetosha. Maana yake kosa unaloshtakiwa nalo halikutokea pale chumbani, lilitokea ukiwa umelala kwenye kochi lako unaandika "sawa nakuja", wale wa bafuni walikuja kukubeba tu.

Hilo la kuuliza "wewe polisi?" sijui nani aliwadanganya vijana wetu, nalisikia Houston nalisikia Dallas nalisikia mpaka Minneapolis. Polisi wa siri halazimiki kusema ukweli, angekuwa analazimika si kazi ingekufa siku ya kwanza. Na kutegwa kisheria sio hivyo unavyofikiria, kwamba amekuwekea tangazo ukalifuata. Kukupa nafasi peke yake sio mtego. Loya wako atataka kuona kama kuna mahali ulikataa wakakubembeleza na kukusukuma, kwa hiyo mpe mazungumzo yote, usimfiche hata mstari.

Simu sasa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2014 kwamba polisi akikukamata hawezi kuipekua simu yako hivi hivi, anahitaji kibali cha hakimu, na mwaka 2018 ikasema karibu hivyo hivyo kwa rekodi za kampuni ya simu zinazoonyesha ulikopita. Ila usifurahi sana. Yale mazungumzo yana ncha mbili mwanangu, na ncha moja ilikuwa mkononi mwa polisi tangu "hello", hiyo haihitaji kibali cha mtu. Namba ya siri ya simu usitoe bila kuongea na loya, na usithubutu kufuta chochote kwenye akaunti zako kutokea mbali, hiyo inaweza kuwa kesi nyingine kabisa.

Na grin kadi ndo inanitia wasiwasi kuliko jela. Wengi wanakimbilia kukiri ili yaishe, halafu uhamiaji wanaanza upya na yale uliyokiri. Toka 2010 loya wa kesi ya jinai analazimika kukueleza kama kukiri kunaweza kukufukuzisha nchini, muulize hivyo hivyo kwa mdomo wako, na tafuta na wa uhamiaji pia. Fomu ya uraia itakuuliza kama uliwahi kukamatwa, sio kama ulifungwa, kukamatwa tu. Dar usiende mpaka hao wawili wakubali, maana shida sio kuondoka, shida ni ile siku unarudi unasimama mbele ya afisa wa uwanja wa ndege.

Wakili niaje. Nilikuwa Koinange, hapa Nairobi, usiku na dada mmoja kwa gari, askari wawili wakaja, mmoja akachukua simu yangu akaanza kusoma meseji za M-Pesa na tochi, akaona jina la mke wangu. Wakataka elfu 15. Nilituma. Sasa kuna namba inaniitisha tena kwa WhatsApp na picha yangu nikiwa kwa gari, ati wataipeleka kwa wife.

Pole ndugu. Angalia ulivyowapa kila kitu wewe mwenyewe, ulipotuma tu jina lako likatokea kwao, na la aliyepokea likabaki kwako. Hilo la pili ndo silaha yako. Piga picha ya skrini, usifute kitu, usitume hata shilingi tena kwa sababu anayelipa mara mbili ataitishwa ya tatu.

Sheria ya jinai ya Kenya inabana zaidi wanaoishi kwa pato la anayeuza, mnunuzi mara nyingi hukutana na sheria ndogo za kaunti, zile za kanjo. Wangekukamata kihalali ungepelekwa kituoni, jina likaandikwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na kortini ndani ya saa 24. Katiba kifungu cha 49 inasema hata kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, huwekwi rumande. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, na simu yako imo. Ya elfu 15 ripoti IPOA, ndio wanaoshughulikia polisi. Huyo wa picha, kudai pesa kwa vitisho ni kosa lake yeye, uende na wakili mkaandikishe.

Kitu kimoja tu nakuuliza, na usinijibu mimi: huyo dada ana miaka mingapi? Akiwa chini ya 18 futa yote niliyoandika hapo juu, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina mchezo na hamna faragha itakayokuokoa.

Niko Oslo. Najua hapa kununua hairuhusiwi, lakini nikienda Amsterdam wikendi si ni halali kule?

Kwa Waholanzi ndiyo. Wewe sheria ya Norway ya 2009 inakufuata, raia na mkazi wote, faini au mpaka miezi sita. Na ndiyo, hata ukija Mtwapa, pwani ya Kenya, likizo.