"Nasikia harufu": je, ni kosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma falsafa chuoni hapa Dodoma na ninaandika insha kwa Kiswahili kuhusu nadharia za utambuzi, yaani namna macho, pua na viungo vingine vinavyotupatia habari za ulimwengu. Niliandika "mtu anaposikia harufu ya waridi". Mwenzangu aliyenihariria akakata "anaposikia", akaweka "anaponusa", akisema kusikia ni kazi ya masikio. Je, nimekosea? Halafu, kwa ile hali ya kuwa macho na kuhisi kinachoendelea, niandike fahamu, ufahamu au kujitambua? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Hujakosea hata kidogo. Rudisha neno lako kama lilivyokuwa, maana aliyelikata amekata na hoja ya insha yako.

Uko Dodoma, kwa hiyo mfano unao mwenyewe. Mwishoni mwa Novemba, ardhi imekauka kwa miezi mingi na vumbi limejaa hewani, upepo unageuka na mtu aliyeketi barazani anasema, "Nasikia harufu ya mvua." Hakuna anayetega sikio. Kila mtu anajua amepata nini na amekipata kwa njia gani. Na huyo hakunusa. Kunusa ni tendo: unasogeza pua, unavuta hewa, unatafuta. Yeye alikuwa amekaa tu, harufu ikamfikia.

Ndiyo maana mwenye mafua husema, "Nimenusa weee, sisikii kitu," na kauli yake haijipingi. Kama kunusa na kusikia harufu vingekuwa kitu kimoja, kauli hiyo isingekuwa na maana. Ni uhusiano ule ule wa kuangalia na kuona, kusikiliza na kusikia: umeangalia, hukuona, umesikiliza, hukusikia. Hata jikoni, mtu akikupa mchuzi kwenye kijiko husema, "Onja, unasikia chumvi?" Kuonja ni kazi yako. Chumvi kukufikia ni jambo jingine.

Sasa ongeza kitenzi cha tatu, kunukia, au kunuka ikiwa harufu ni mbaya. Hiki ni cha kitu chenyewe. Waridi linanukia, mtu analinusa, mtu anasikia harufu yake: vitenzi vitatu kwa mambo matatu. Hapo ndipo insha yako inapopata nguvu, kwa sababu Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti, alihangaika na jambo hili hili katika kitabu chake cha 1764 kuhusu akili ya binadamu. Alianza uchambuzi wake na pua, akaacha macho hadi mwisho. Aliuliza: harufu ya waridi iko ndani yangu au ndani ya ua? Jibu lake ni kwamba neno moja limebeba vitu viwili. Kuna hisi inayotokea nafsini, ambayo haiwezi kuwapo bila mtu wa kuihisi, na kuna sifa iliyomo kwenye ua, ambayo inabaki hata bustani ikiwa tupu. Kiingereza alichokuwa akiandikia hutumia kitenzi kimoja kwa ua linalotoa harufu, kwa mtu anayeivuta na kwa mtu inayemfikia, kwa hiyo ilimbidi atumie kurasa kadhaa kutenganisha. Wewe una vitenzi tayari. Vitumie!

Ila usivuke mpaka. George Berkeley, mwanafalsafa aliyekuja kuwa askofu, alishikilia mwaka 1710 kwamba kwa vitu tunavyovihisi, kuwako ni kutambuliwa, yaani havipo pasipo akili inayovihisi. "Ubani unanukia katika chumba kisicho na mtu" ni Kiswahili safi, lakini sentensi hiyo haimshindi Berkeley. Inaonyesha wasemaji wanavyouchukulia ulimwengu. Kama ulimwengu uko hivyo kweli, hilo unapaswa kulijengea hoja.

Kuhusu upana wa kusikia: tunasikia baridi, njaa, usingizi, uchungu, raha. Wengine husema naona kiu, naona baridi, na ni sawa. Katika lugha ndugu za Kibantu, Luganda okuwulira na Kizulu ukuzwa nazo hubeba kusikia kwa sikio na kuhisi kwa mwili kwa pamoja, kwa hiyo huu si uzembe wa wasemaji wa leo. Rangi lakini haisikiki, hiyo huonekana.

Upana huo unagusa msemo tuliofundishwa shule ya msingi, milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Ni msemo mzuri, lakini una nadharia ndani yake, nayo inakaribiana na ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyefananisha akili na chumba chenye giza kinachopata mwanga kwa vitundu vichache. Ukiutumia, mwambie msomaji kwamba unajua. Njaa imeingilia mlango gani kati ya hiyo mitano? Haina, na bado twaisikia.

Swali la pili ni jepesi zaidi. Andika fahamu. Mgonjwa hupoteza fahamu, kisha fahamu zikamrudia. Ufahamu umeelekea kwenye uelewa. Ndio unaopimwa kwenye mtihani kwa kifungu cha habari. Kujitambua ndiko kunakoweza kukuharibia kazi, kwa sababu wauguzi husema "hajitambui" kwa mtu aliyezimia, na wazazi husema hivyo hivyo kwa kijana asiyejiheshimu. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel wa Marekani aliuliza: kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe? Alitaka tuone kwamba tunaweza kujua yote kuhusu ubongo wa popo na mwangwi anaoutumia gizani, tusijue hilo. Popo huyo hahitaji kujifikiria kama nafsi ili swali liwe na maana. Ana fahamu, basi. Ukiandika kujitambua, umemtoa popo nje, na hoja ya Nagel imetoka naye.

Mwisho, angalia hisi na hisia. Kuona na kunusa ni hisi. Huzuni, wivu na furaha ni hisia. Katika insha yako "hisia ya kunusa" iwe "hisi ya kunusa", popote ilipo.