Albamu ya kwanza au ya tatu? Maswali yenu kuhusu The Clash

Juzi juzi niliandika hapa kwamba The Clash, wale wapiga punk (rock ya kasi na kelele) wa London, walikuwa bendi nzuri zaidi pale walipoacha kupiga punk tupu. Sikujua kama Arusha na Moshi kuna watu wengi hivi wenye hasira juu ya bendi iliyovunjika mwaka 1986. Meseji zimetoka Sakina mpaka Pasua. Za matusi nimeziweka pembeni, zinazojibika ndizo hizi. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakiza.

Kaka, heshima yako. Mimi na machalii wangu tuna sabufa moja, flashi moja na ugomvi mmoja. Albamu ya kwanza ni moto mtupu. Ya tatu ina matarumbeta, ina piano, ina rege. Mimi nasema jamaa walilainika, wewe unasema walikua. Unatofautishaje? (Chalii wa Ngarenaro)

Rudini kwanza kwenye hiyo hiyo albamu ya moto, ya mwaka 1977. Nyimbo zake nyingi hazifiki dakika tatu. Halafu katikati ya fujo unakutana na wimbo wa dakika sita, nao ni wa rege: Police and Thieves, wa Junior Murvin wa Jamaika, uliokuwa umetoka mwaka mmoja tu kabla. Kwa hiyo rege haikuletwa na albamu ya tatu, ilikuwemo ndani ya nyumba tangu mwanzo. Paul Simonon, mpiga besi, alikulia Brixton, mtaa wa London uliojaa watu wenye asili ya Karibi. Na pale Roxy, klabu ya mapunk, DJ Don Letts alikuwa anawapigia rege kwa sababu santuri za punk zenyewe zilikuwa bado chache. Shabiki wa punk wa mwaka huo alikuwa anasikia rege kila anaposubiri bendi ipande jukwaani.

Sasa zimeni kelele, msikilize wimbo ule kwa makini. Kwenye rege ya kawaida gitaa hukata katikati ya mapigo, ile “cha, cha” mnayoijua. Hawa wana magitaa mawili, wakayagawa: moja linapiga juu ya pigo lenyewe, jingine linajibu katikati. Nyuma yao Terry Chimes anapiga drams za kirock, moja kwa moja, bila kona. Wajamaika mara nyingi huliacha wazi pigo la kwanza, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inashuka kwenye la tatu. Chimes analijaza pengo hilo kwa sababu halioni. Ni rege ya watu wasioijua rege, na utamu wake uko hapo hapo.

Kisha nendeni London Calling, ndiyo hiyo albamu ya tatu, ya Desemba 1979. Jina la Chimes halipo. Yupo Topper Headon, aliyeingia baada ya albamu ya kwanza kurekodiwa, mtu aliyekuwa anaweza soul, jazz, rege, chochote utakachomwekea mbele. Wenzake wakaanza kuleta nyimbo ambazo zamani zisingepigika. Matarumbeta unayoyalalamikia yamekaa juu ya mikono ya huyo mtu mmoja, na ukiyaondoa utakuta chini drams ngumu kuliko zile za 1977. Mtu aliyelainika hapigi hivyo. Mimi bendi ikibadilika nasikiliza mpiga drams kwanza, mwimbaji namwacha mpaka baadaye.

Na prodyuza wao, Guy Stevens, alikuwa anarusha viti studio ili wapige kwa hasira. Kama ule ni ulaini, mimi nautaka.

Shikamoo. Nimesoma utetezi wako na sijaridhika. Bendi ya punk ikishasaini na kampuni kubwa imekwisha, muziki ukibadilika baada ya hapo ni amri ya wenye pesa. Hilo unalikwepa. (Mwalimu, Moshi Majengo)

Marahaba, mwalimu. Silikwepi, nasema tu tarehe zako hazipangiki. The Clash walisaini na CBS Januari 1977, kwa pauni 100,000. Albamu ya kwanza ilitoka Aprili. Yaani ile albamu mnayoiita safi, ambayo haijaguswa na mkono wa tajiri, ililipiwa na tajiri huyo huyo. Mark Perry, aliyekuwa anaendesha gazeti la mashabiki la Sniffin' Glue, alitangaza kwamba punk ilikufa siku waliyosaini. Kwa hesabu yake, punk ilikufa kabla The Clash hawajatoa hata wimbo mmoja.

Chukua na Green Day wa Marekani. Walikuwa watoto wa klabu ya 924 Gilman Street, kule Berkeley, ambayo ilikuwa haipokei bendi za kampuni kubwa. Walipohamia kampuni kubwa ya Reprise wakatoa albamu ya Dookie mwaka 1994, mlango wa Gilman ukafungwa mbele yao. Lakini iweke Dookie kando ya albamu zao za kabla yake: magitaa ni yale yale, mwendo ni ule ule, kilichoongezeka ni usafi wa kurekodi. Muziki haukubadilika kiasi cha kufukuzana, na hasira zikawaka vile vile. Kwa hiyo mashabiki wale hawakuwa wanalalamikia muziki. Walikuwa na kaukumbi ka watu wanaojuana, ghafla kila mtoto wa shule Marekani anaujua wimbo wao. Hayo ni maumivu ya kweli na siyacheki, ila tusiyaite suala la sauti.

Halafu hao CBS unaowaogopa ndio waliobanwa na bendi wakauza London Calling, santuri mbili, kwa bei ya moja. Mwaka uliofuata ikawa Sandinista!, santuri tatu kwa bei ya chini, na vijana wakakubali kukosa mrabaha wao kwenye nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Amri hapo ilikuwa inatoka upande gani?

Mwandishi, mimi huo muziki siujui. Mwanangu wa kidato cha nne amekasirika siku nzima, hali chakula, kisa bendi yake imeweka kinanda. Ni kawaida? (Mama, Rau)

Shikamoo mama. Ni kawaida kabisa, chakula atakula. Muulize babu yake, kama yupo, kuhusu muziki wa dansi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtu aliushikilia kama anavyoshikilia timu: NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka Msondo akaenda Mlimani mwaka 1978, wapo waliohama naye na wapo waliobaki wakimsema. Baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, wale waliokuwa na mtindo wa Masantula, na pale ukazaliwa mtindo mwingine, Ndekule. Wazee wetu walinuniana kwa mambo hayo na wakalea watoto vizuri tu.

Hii ni Chuga, mji wa hip hop. Punk ya Wazungu inatuhusu nini? Ungeandika habari za Weusi, kundi letu la hapa. (Sakina)

Inakuhusu kuliko unavyodhani. Mwaka 1980 The Clash walikuwa New York wanarekodi, Mick Jones, mpiga gitaa wao, akazama kwenye rap, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kusikika redioni. Wakatoa The Magnificent Seven, mwimbaji wao Joe Strummer anarap kwa namna yake, na WBLS, redio ya watu weusi ya New York, ikawa inaupiga. Mwaka uliofuata wakarudi kupiga shoo kwenye ukumbi wa Bond's. Tiketi zikauzwa kupita kiasi, wakuu wa zimamoto wakaingilia, na zile shoo nane zilizopangwa zikageuka 17 ili kila mwenye tiketi aingie.

Kuwafungulia shoo wakamwita Grandmaster Flash, DJ wa hip hop, na kundi lake. Unajua mashabiki wa punk walifanya nini? Waliwazomea na kuwarushia vikombe mpaka wakashuka. Bendi inawaletea kitu kipya, kizuri, cha mji huo huo wanaoishi, wao wanarusha vikombe. Nikiulizwa kwa nini siamini sana kelele za mashabiki, nataja usiku huo.

Kuhusu nyumbani: X Plastaz walianza hapa Arusha mwaka 1996 kama kundi la hip hop. Baadaye wakamwingiza Merege, mwimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 ikatoka albamu yao, Maasai Hip Hop. Ile sauti ya kooni ikikaa juu ya biti bado inanisimamisha vinyweleo. Angeibuka mtu mwanzoni akasema “hip hop haina nyimbo za moran”, na kundi likamsikiliza, tungekosa kitu ambacho hakuna mji mwingine ungeweza kukitoa.

Weusi ni hadithi nyingine kidogo. Malalamiko ya kijiweni nayajua: korasi za G Nako ni tamu mno, siku hizi ni za klabu, Nako 2 Nako, kundi lake la zamani, walikuwa wagumu zaidi. Mimi naona G Nako alikuwa mtamu tangu enzi za Nako 2 Nako, ila biti zilikuwa chafu zikamficha. Mwenzake Joh Makini ukimwondolea korasi bado anaandika vile vile. Kwa hiyo ukiwalaumu, walaumu kwa wimbo mmoja mmoja. Zipo ambazo hata mimi naziruka.

Sisi ni bendi ya watu wanne, tunapiga punk, tuna watu wetu wanaotufuata. Mwimbaji anataka tuchanganye na singeli. Tulipojaribu ukumbini watu wetu wakakaa chini. Tuache? (Mpiga drams, Usa River)

Nimefurahi kwamba anayeandika ni mpiga drams, kwa sababu mzigo ni wako. Mwimbaji ataimba juu ya chochote. Wewe ndiye unayetakiwa kutoka kwenye punk ya mwendo wa mapigo 170 au 180 kwa dakika uingie singeli, ambayo inaanzia kama 200 na kupanda. Kwenye singeli ile kasi hutoka kwenye kompyuta, vipande vifupi vinajirudia bila kuchoka. Mkono wa mtu unachoka. Nina wasiwasi kwamba watu wenu hawakukasirishwa na singeli, walikuona wewe unakimbizana na wimbo na unaachwa.

Mkifanya mazoezi, magitaa yakae chini kwanza. Wewe na besi, basi. Tafuta kipande kimoja cha singeli unachoweza kukishika dakika nne bila kukaza bega, hata kama ni kwa kupiga nusu ya mwendo kwenye kiki na snea, ule wa kasi ukaubakiza kwenye hi-hat peke yake. Rekodi kwa simu, isikilize kesho yake kwenye kifodi, siyo usiku ule ule mkiwa na msisimko. Ikikaa, ndipo gitaa liingie. The Magnificent Seven ulianza hivyo: besi na drams kwanza, maneno baadaye, na besi yenyewe ilipigwa na mgeni, Norman Watt-Roy, kwa sababu Simonon alikuwa safarini akicheza filamu.

Jukwaani pigeni mmoja tu, wa tatu au wa nne, baada ya wimbo wanaoupenda sana. Na mwimbaji asitangaze “sasa tunawaletea mtindo mpya”. Akishasema hivyo, kila mtu anakunja mikono kifuani akisubiri kukosoa. Wakikaa chini tena na wewe ulipiga vizuri, endeleeni, watazoea au watakuja wengine. Wakikaa chini na ulipiga vibaya, walikuwa sahihi.

Sandinista! ina nyimbo 36. Nianzie wapi? (Kijenge)

Anza na The Magnificent Seven, kisha Police on My Back, kisha Somebody Got Murdered. Upande wa sita usiuguse mpaka uwe na mchana mrefu usio na kazi. Wapo wanaosema ingekuwa santuri moja ingekuwa bora kuliko zote, nami nakaribia kukubaliana nao.

Kuna Waafrika waliopiga punk, au tunajidanganya? (Soweto, Moshi)

Wapo. National Wake wa Johannesburg walianza mwaka 1979, weusi na weupe kwenye jukwaa moja chini ya makaburu, wakachanganya punk na rege na funk, wakatoa albamu mwaka 1981. Polisi waliwaandama mpaka bendi ikafa. Na Marekani kulikuwa na Bad Brains wa Washington, weusi wote, walioanza na jazz kabla ya kugeukia punk ya kasi ya ajabu, kisha wakawa wanapiga na rege kwenye shoo hiyo hiyo. Ukiwasikiliza hao, swali la nani aliruhusiwa kubadilika linakuwa la kitoto.

Wewe kila badiliko unatetea. Mwaka 1982 wimbo wao mkubwa ni wa disko kabisa, na mwaka 1985 walitoa Cut the Crap. Hiyo nayo walikua? (Chalii wa Ngarenaro, tena)

Rock the Casbah nautetea mpaka kesho. Muziki wake ni wa Headon: drams yeye, piano yeye, besi yeye. Ulifika kumi bora za Marekani, na ulipofika alikuwa ameshafukuzwa kwa sababu ya heroini. Kwenye video anayeonekana nyuma ya drams ni Terry Chimes, yule yule wa albamu ya kwanza, aliyerudishwa kuziba pengo.

Mwaka 1983 wakamfukuza na Mick Jones. Cut the Crap imetengenezwa baada ya hapo, meneja wao Bernard Rhodes akiwa ndani ya studio, na sehemu kubwa ya drams zake ni mashine.

Hiyo siitetei, chalii wangu. Ifute kwenye flashi.