Lini useme “I sell”, lini useme “I am selling”

Mwulize mama anayeanika dagaa Kibirizi, mjini Kigoma, anafanya kazi gani, atakujibu, “Nauza dagaa.” Mkute jioni amepumzika nyumbani Mwanga, jibu ni lile lile. Hiyo -na- yetu inabeba kazi ya mtu na pia kile anachokifanya sasa hivi. Kiingereza hutenganisha. Kazi yake ni “I sell dagaa”. Akiwa anampimia mteja ndipo “I am selling dagaa”.

Basi kabla hujatamka, jaribu kuweka hu- mahali pa -na-. “Baba anavua migebuka”: ukisema “huvua” na maana ikabaki ile ile, sema “My father fishes”, na hiyo -es isikutoke. Kama una maana kwamba yuko ziwani muda huu, hu- itakataa. Hapo unahitaji vitu viwili pamoja: is, am au are, kisha -ing. Wengi hudondosha kimoja. “He fishing” imekatika katikati, na “He is fish” inamwambia msikilizaji kwamba baba ni samaki.

Jambo la muda tu, lisilo la kudumu, nalo huchukua -ing. “I live in Ujiji” ni makazi yako. “I am living in Ujiji” humfanya msikilizaji adhani uko hapo kwa muda tu.

Panapoangusha watu zaidi, hata waliomaliza kidato cha nne, ni vitenzi visivyo na shughuli ya kuonekana: know, want, need, believe, understand, belong. Hapa hu- haikusaidii, maana “hujua” haikai vizuri mdomoni, na mtu hukimbilia “I am knowing”. Tumia kipimo kingine: je, naweza kusema “yuko katikati ya”? Yuko katikati ya kukaanga samaki, sawa. Yuko katikati ya kujua? Haiwezekani, kwa hiyo ni “I know” tu. Angalia na vile vinavyogeuka: “I have a boat” ni kumiliki mtumbwi, lakini “I am having lunch” ni kula, na katikati ya kula mtu anaweza kuwa. Vivyo hivyo “I think it is expensive” ni maoni, “I am thinking about the price” ni kupiga hesabu kichwani.

Ratiba ina utaratibu wake. Treni ya Kigoma ikiondoka Tabora usiku wa leo ni “The train leaves tonight”, ijapokuwa bado haijaondoka. Mipango yako wewe msafiri ni “I am leaving tonight”.

Kwenye kukanusha na kuuliza, -s huhamia kwenye does, haibaki nyuma: “She doesn’t sell”, kamwe si “doesn’t sells”. Na ukiingia duka la asali Tabora, uliza “Do you sell honey?” Unataka kujua kama ni bidhaa yao, hata kama saa hiyo muuzaji anafagia.