Mabua ya mahindi kwenye mtambo wa bayogesi: tumia chokaa

Ndugu, mabua makavu uliyotia mtamboni yanaelea na gesi haiongezeki kwa sababu lignini (kitu kigumu kinachoyapa mabua uimara) imeifunika selulosi (nyuzi ambazo bakteria huzigeuza gesi), bakteria hawaifikii. Chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga) huilegeza lignini hiyo. Katakata mabua vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kwa kilo 10, koroga gramu 500 za chokaa katika lita 20 za maji, changanya mpaka yote yalowe, kisha funika kwa nailoni kivulini siku 3 hadi 5. Vaa glavu na miwani. Chokaa huunguza macho.

Usiyaoshe! Utamwaga sukari zilizokwisha kuyeyuka, na hiyo ndiyo gesi yako. Changanya na samadi mbichi ya ng'ombe ili kupata nitrojeni, maana mabua yana kaboni nyingi mno. Anza na sehemu 1 ya mabua kwa 9 za samadi, ongeza taratibu.

Pima pH (kipimo cha asidi) ya tope linalotoka mtamboni. Ikipita 8, acha kuweka mabua, lisha samadi tu. Ikishuka chini ya 6.5, umelisha kupita kiasi.

Kostiki soda, kemikali kali yenye sodiamu inayoweza kutumika badala ya chokaa, hufanya kazi haraka zaidi, lakini sodiamu hujilimbikiza, huwadhuru bakteria na kutia chumvi shamba unalomwagia tope. Kwa mtambo wa nyumbani siipendekezi kabisa.